Seva isipoonekana, tusikimbilie kuzima fayawoli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu nikiwa fundi wa mitandao ya kompyuta, nalo ni tabia iliyoenea katika ofisi zetu ya kuzima ukuta wa ulinzi wa mtandao, ule tunaouita fayawoli, kila mara kompyuta za tawi moja zinaposhindwa kuziona kompyuta za tawi jingine. Uamuzi huo mara nyingi hautolewi na fundi. Hutolewa na mkuu wa ofisi aliyechoshwa na malalamiko ya wafanyakazi wake, na fundi huutekeleza kwa sababu ameamriwa. Kwa hiyo barua hii nawaandikia wakuu wa ofisi kuliko mafundi wenzangu, nami nitajitahidi kulieleza jambo lenyewe kwa namna ambayo mtu asiye wa fani hii atalifuata.

Nitaanza na ofisi moja ambayo sitaitaja jina. Taasisi yenye makao makuu Dar es Salaam iliunganishwa na taasisi ndogo iliyokuwa hapa Tanga, na kila moja ilikuja na kikoa chake, yaani himaya yake ya kompyuta yenye seva inayotunza majina ya watumiaji na nywila zao. Kati ya miji hiyo miwili ikawekwa njia ya VPN, ambayo ni njia ya faragha iliyofichwa ndani ya intaneti, na kila upande ukawa na fayawoli yake. Vikoa viwili vikafungishwa mapatano ya kuaminiana, ili mtumishi wa Tanga aweze kutumia mafaili ya Dar es Salaam bila kupewa nywila ya pili. Kwenye karatasi kazi ilikuwa imekamilika. Jumatatu ya kwanza karani wa uhasibu wa Tanga akafungua dirisha la Network kwenye kompyuta yake, akaziona kompyuta 9 za ofisi yake na printa moja, lakini seva ya makao makuu hakuiona. Akamwita mkuu wake, mkuu akapiga simu Dar es Salaam, na kabla ya saa nne asubuhi habari ilikuwa imeenea ofisi nzima kwamba mtandao umekata. Wakati huohuo, pembeni mwa kioo cha kompyuta ya karani huyohuyo, ujumbe wa WhatsApp ulikuwa unaingia mmoja baada ya mwingine.

Sisi sote tunaijua sura ya mtandao uliokatika kweli. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota nchi nzima na hakuna aliyehitaji kuambiwa na fundi. Ya Tanga haikuwa hivyo. Njia ilikuwa wazi, ila jina moja halikuwa kwenye orodha, na watu wakalichukulia kutoonekana kwa jina kuwa ni kutofikika kwa seva.

Siku ya tatu akaletwa mtaalamu kutoka kampuni moja ya jijini. Alikaa muda usiozidi nusu saa, akaandika kwenye fayawoli zote mbili kanuni ya mstari mmoja inayoruhusu kila kitu kutoka popote kwenda popote, kisha akamwomba karani afungue tena lile dirisha. Kompyuta zilikuwa zilezile 9 na printa moja. Akasema tusubiri, akaondoka, na kanuni ile ikabaki. Mimi niliikuta miezi 8 baadaye, bado ipo juu kabisa ya kanuni nyingine zote, na kwa kuwa seva moja ya makao makuu ilikuwa na anwani ya hadharani, mlango wake wa mafaili ulikuwa umekaa wazi kwa dunia nzima katika miezi yote hiyo.

Ili kuelewa kwa nini kanuni ile haikusaidia chochote, ni lazima kujua orodha ya kompyuta inayotokea kwenye dirisha la Network inatoka wapi. Haitoki kwenye daftari lolote linalotunzwa na makao makuu. Asili yake ni mfumo wa NetBIOS, uliotengenezwa mwaka 1983 kwa ajili ya kompyuta za IBM zilizounganishwa ndani ya ofisi moja, wakati ambapo hakuna aliyekuwa anafikiria tawi lililo umbali wa zaidi ya kilomita 300. Katika mfumo huo kompyuta hujitambulisha kwa kupiga mbiu. Inapowashwa hutangaza kwa wote walio jirani kwamba ipo na ina mafaili ya kugawana, kisha hurudia tangazo hilo hadi kufikia mwendo wa mara moja kila dakika 12. Kompyuta za eneo hilo huchagua moja miongoni mwao iwe mtunza orodha, na huyo huandika kila jina alisikialo. Jina lisiposikika kwa vipindi vitatu mfululizo, yaani dakika 36, hufutwa. Na kwa kuwa wasaidizi wa mtunza orodha huchukua nakala kila baada ya dakika 15, kompyuta iliyozimwa ghafla inaweza kuendelea kuonekana kwa muda wa hadi dakika 51. Naomba wakuu wa ofisi walizingatie hilo: hata pale inapofanya kazi kama ilivyokusudiwa, orodha hiyo inaweza kuonyesha kompyuta ambayo haipo na kutoonyesha iliyopo.

Mbiu ya mgambo husikika pale kijijini inapopigwa. Ruta, ambayo ndiyo mpaka kati ya mtandao mmoja na mwingine, haipitishi matangazo hayo, na imeundwa makusudi isiyapitishe, kwa sababu kama kila ruta ingesambaza tangazo la kila kompyuta, njia zetu zisingebaki na nafasi ya kubeba kitu kingine. Tangazo la seva ya Dar es Salaam, kwa hiyo, liliishia Dar es Salaam. Fayawoli haikuhusika nalo hata kidogo. Ungeweza kuing'oa ukaifungia stoo, na orodha ya Tanga ingebaki vilevile. Windows za siku hizi zimeiacha mbiu hiyo ya zamani na zinatumia utaratibu wa WS-Discovery, unaopeleka ujumbe kwa anwani ya kundi 239.255.255.250 kupitia mlango namba 3702, lakini nao umewekewa mpaka uleule wa kutovuka mtandao wa jirani.

Sisi tulioanza kazi hii zamani tulikuwa na namna za kuvusha majina. Wenye uwezo waliweka seva ya WINS, daftari kuu la majina lililokuja na Windows NT 3.5, na vikoa vilivyotenganishwa na ruta vilifahamiana kupitia hapo. Wasiokuwa nayo waliandika kwa mkono faili la lmhosts, yaani orodha ya majina ya kompyuta na anwani zake. Nakumbuka siku moja niliyokaa tangu asubuhi hadi jioni katika chumba cha seva chenye joto kali, nikitafuta sababu ya vikoa viwili kutoonana, na kosa likawa ni nafasi moja tupu. Mstari unaoitambulisha seva kuu ya kikoa katika faili hilo hutaka jina liandikwe ndani ya alama za kunukuu, lijazwe nafasi tupu hadi litimize herufi 15, kisha lifuatiwe na alama ya \0x1b, ili vyote vilivyomo ndani ya alama za kunukuu viwe 20 kamili. Mimi nilikuwa na 19. Kwa macho mstari ulikuwa sahihi kabisa. Nilipozihesabu moja moja kwa ncha ya kalamu juu ya kioo ndipo nilipoona, nikaongeza nafasi moja, nikatoa amri ya nbtstat -R ili faili lisomwe upya, na amri ya nbtstat -c ikanionyesha jina limekaa mahali pake. Kama siku hiyo ningefungua milango yote ya fayawoli, ningekuwa na mtandao usio na ulinzi na vikoa viwili ambavyo bado havionani.

Sasa zama hizo zimepita. Huduma iliyotunza orodha ya zamani ilitegemea toleo la kwanza la itifaki ya kugawana mafaili, SMBv1, na Microsoft ilianza kuiondoa SMBv1 katika Windows 10 toleo la 1709, mwaka 2017. Hapa ndipo pananiuma zaidi. Fundi akibanwa na mkuu wake kwamba orodha ijae kama zamani, hutafuta, hupata ushauri wa kuirudisha SMBv1, huirudisha, na baadhi ya majina hujitokeza. Mkuu hufurahi. Hajui kwamba, ili aone majina kwenye dirisha, amerudishiwa mlango uleule ambao kirusi cha WannaCry kiliutumia Mei 12, 2017, kikaingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150 kwa muda wa siku chache. Kirusi kile hakikuhitaji mtu abonyeze kitu. Kilitafuta mlango namba 445, ambao ndio wa kugawana mafaili, ulio wazi, kikaingia, kikafunga mafaili, kikaanza kutafuta mlango wa jirani. Dawa yake, yaani marekebisho ya Microsoft, ilikuwa imetolewa Machi 14 mwaka huohuo, karibu miezi miwili kabla. Katika England taasisi zisizopungua 81 kati ya 236 za huduma ya afya ya umma ziliathirika, na Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilipochunguza ilieleza kwamba kusimamia vizuri fayawoli zinazotazama intaneti kungezikinga taasisi hizo zisiambukizwe, hata zile ambazo hazikuwa zimeweka marekebisho.

Narudi kwenye ofisi yetu. Nilipoitwa, kazi ya kwanza ilikuwa kuiondoa ile kanuni, na mkuu wa ofisi aliniuliza kwa nini nafunga wakati yeye ameniita nifungue. Nilimjibu kwamba kwa muda wa miezi 8 imekuwa wazi na seva haijaonekana, kwa hiyo ugonjwa uko mahali pengine. Alikubali, na namshukuru kwa hilo, kwa maana si wakuu wote wanaokubali.

Sikuigusa orodha. Nilikaa kwenye kompyuta ya karani nikaandika mwenyewe njia kamili ya folda ya uhasibu, jina la seva pamoja na jina la kikoa chake, nikasoma Windows inajibu nini. Majibu hayo hayafanani, na mtu anayeyachanganya atahangaika bure. Kosa namba 53 maana yake njia ya mtandao haikupatikana: ama jina halijulikani, ama mlango namba 445 wa upande wa pili haufikiki. Kosa namba 5 maana yake umefika mlangoni, mwenye nyumba amekuona na kukutambua, ila huna ruhusa ya kuingia chumba hicho; hapo fayawoli imekwisha kupitwa, na tatizo liko kwenye ruhusa za folda. Nimeona ofisi zikizima fayawoli kwa sababu ya kosa namba 5. Hata muda wa kusubiri unasema kitu, kwa sababu mlango unaokataa waziwazi hujibu papo hapo, lakini pale ambapo fayawoli inazitupa pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafiri, kimya kimya, Windows huendelea kubisha hodi kwa takriban sekunde 21 ndipo ikate tamaa. Na ping, amri ya kujaribu kama kompyuta ya mbali inajibu, ambayo wengi wetu tunaikimbilia, si shahidi wa kutosha: inaweza kupita ilhali mlango 445 umefungwa, na inaweza kuzuiwa ilhali mlango 445 uko wazi. Amri ya Test-NetConnection ukiitajia namba ya mlango ndiyo inayokupa jibu la swali unalouliza.

Kompyuta ya karani ilitoa kosa namba 53, lakini ya jirani yake, meza ya pili tu kutoka hapo, iliifikia seva bila kosa hilo. Tofauti ya namna hiyo haiwezi kuwa ya fayawoli, kwani zote mbili zinapita njia moja. Nikatazama mipangilio yao. Kompyuta zote za Tanga zilikuwa zimepewa seva mbili za majina, yaani zinazogeuza jina la kompyuta kuwa anwani yake, ya kwanza ikiwa ya kikoa na ya pili ikiwa ya hadharani kwenye intaneti, kwa nia njema kwamba moja ikifa nyingine isaidie. Kumbe Windows, seva ya kwanza ikichelewa kujibu, huhamia ya pili na inaweza kukaa huko kwa muda. Na ile ya hadharani haiyajui majina ya ndani ya Dar es Salaam, wala haipaswi kuyajua. Karani aliyekuwa amehamia huko alipata kosa, jirani yake ambaye hakuhama aliifikia seva. Niliifuta ile ya pili, na kosa namba 53 likatoweka.

Badala yake likaja jingine, linalosema kwamba kuna tofauti ya saa au tarehe kati ya kompyuta inayoomba na seva. Hili wakuu wengi huliona kama jambo dogo, na ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Vikoa vinapoaminiana, mtumiaji hupita kwa tiketi zinazotolewa na mfumo wa Kerberos, na tiketi hizo zimepigwa muhuri wa saa. Kwa kawaida tofauti inayovumiliwa ni dakika 5. Ndani ya kikoa kimoja kompyuta zote hufuata saa ya seva kuu yao, kwa hiyo hata ikiwa na makosa, zote hukosea pamoja na hakuna anayegundua. Kasoro hujitokeza siku ya kukutana na kikoa cha pili. Seva kuu ya Tanga ilikuwa nyuma kwa dakika 9, kwa sababu ni seva inayoendeshwa kama programu ndani ya mashine nyingine na ilichukua saa kutoka kwa mashine hiyo inayoibeba, na mashine hiyo hakuna aliyewahi kuielekeza kwenye chanzo cha saa cha kuaminika, ikawa inachelewa sekunde chache kila siku kwa miezi mingi. Ipo na hila nyingine inayofanana na hii: mtu akiweka ukanda wa saa usio wetu, kisha akairekebisha saa kwa mkono ili ilingane na ya ukutani, kioo kitaonyesha saa sahihi ilhali ndani, kwa hesabu ya saa za ulimwengu ambazo sisi tunazitangulia kwa saa 3, seva iko mbali kabisa na wenzake. Tulizielekeza seva zote mbili kwenye chanzo kimoja cha saa, na kwa ajili hiyo nikafungua mlango mmoja tu, namba 123.

Milango mingine niliyoiandika badala ya kanuni ile ilikuwa michache, na kila mmoja una mwanzo na mwisho unaojulikana: 445 kutoka Tanga hadi seva ya mafaili peke yake, 53 kwa seva za majina, na ile inayohitajiwa na seva kuu za vikoa kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Mwanzoni nilikosea nami, na nalieleza kosa hilo kwa sababu nimelikuta kwa wenzangu wengi. Nilifungua njia kati ya kompyuta ya karani na seva ya mafaili, nikadhani inatosha. Folda ilifunguka, lakini baada ya kusubiri kwa muda mrefu kila mara. Nilipoisoma kumbukumbu ya fayawoli niliona pakiti za Tanga zikitupwa zilipokuwa zikielekea mlango namba 88 wa seva kuu ya Dar es Salaam. Tiketi ya kuingia katika kikoa cha pili hutolewa na seva kuu ya kikoa hicho cha pili, na kompyuta ya mtumiaji ndiyo inayokwenda kuiomba yenyewe. Ukimnyima njia hiyo, ama atakataliwa, ama atazungushwa kwa mfumo wa zamani wa utambulisho. Mstari mmoja wa kanuni ukamaliza kusubiri kote.

Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu kwamba mtandao umekata tena. Mafundi wa Dar es Salaam waliapa kwamba seva ni nzima, na walikuwa na haki ya kuapa, kwani wao waliifungua bila tatizo. Tanga walipata kosa namba 53. Niliuliza kama kuna lililotokea usiku, nikaambiwa umeme ulikatika na kurudi alfajiri. Hapo nikajua pa kutazama. Seva ya mafaili ilikuwa imewaka kabla ya seva kuu ya kikoa, ikamtafuta mkuu wake ikamkosa, ikajihesabu kuwa iko kwenye mtandao wa hadharani. Na katika hali hiyo fayawoli iliyomo ndani ya Windows yenyewe hukubali maombi ya mafaili kutoka kwa majirani wa mtandao uleule tu. Waliokuwa jengo moja nayo ni majirani, wa Tanga ni wageni. Kuizima na kuiwasha kadi yake ya mtandao kuliitosha kuikumbusha ilipo, na tangu hapo imepangwa isubiri seva kuu iwake kwanza. Katika nchi ambayo umeme hukatika, sababu hii nimekwisha kuikuta katika ofisi nne tofauti, na katika mbili kati ya hizo walikuwa tayari wamezima fayawoli ya seva moja kwa moja.

Kukatika kwa umeme kunanikumbusha mkasa ambao ningependa kila mkuu wa taasisi yenye matawi aujue. Juni 27, 2017, kirusi cha NotPetya kilianzia Ukraine kupitia programu ya hesabu za kodi, kikaenea ndani ya mitandao ya makampuni kwa kutumia nywila kilizoziiba na ufa uleule wa SMBv1. Maersk, kampuni ya meli ambayo makontena yake tunayaona katika bandari zetu, ilifutiwa seva kuu za kikoa chake duniani kote isipokuwa moja. Hiyo moja ilikuwa Ghana, nayo ilisalimika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na kuitenga na mtandao kabla kirusi hakijafika. Data zake zilibebwa kwa ndege hadi Uingereza ili kampuni ianze kujijenga upya, na ikalazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika siku 10. Seva zile nyingine zilikuwa na njia pana kati yao zisizo na mipaka ya kutosha, na kirusi kilipita njia hizohizo ambazo ziliwarahisishia watumiaji kazi.

Kwa hiyo ninachowaomba wakuu wa ofisi ni hiki. Mfanyakazi akisema haioni seva ya tawi jingine, msiagize fayawoli ifunguliwe. Mwulizeni fundi amepata kosa namba gani, kwenye kompyuta ngapi, na kama zile zinazofanya kazi zinatofautiana na zisizofanya kazi kwa nini. Kama kuna mlango wa kufunguliwa, kanuni yake iandikwe inatoka wapi, inakwenda wapi, kwa namba gani, aliyeiomba ni nani na itaondolewa lini, na mkuu aliyeidhinisha aweke sahihi yake hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Mishahara ya watumishi na mafaili ya wateja yakivuja kupitia kanuni ya "ruhusu vyote," atakayeulizwa hatakuwa yule mtaalamu aliyekaa nusu saa. Na kuhusu ile orodha, iacheni. Folda wanazozihitaji wafanyakazi zinaweza kupangwa na kikoa chenyewe zitokee kila mtu anapoingia kwenye kompyuta yake, zikiwa na herufi yake ya diski kama diski nyingine yoyote, na kazi hiyo haimchukui fundi hata saa moja.

Ndivyo tulivyofanya kwa ofisi ile. Nilipita juma lililopita kuwasalimu, nikaketi kidogo kwenye meza ya karani. Dirisha la Network bado linaonyesha kompyuta 9 na printa moja, na seva ya Dar es Salaam haimo. Yeye alikuwa ameifungua tangu saa mbili asubuhi, akiingiza hati za malipo za mwezi.

Wako msomaji,
Fundi wa mitandao,
Chumbageni, Tanga.